Bomba Jipya la Kruza: Mchanga wa Kinakomba Umepata Kiboko Yake!

Sikilizeni mlio huo! Injini inawaka, inatulia, kisha inanguruma chini kwa chini, nzito na safi, bila lile bati lililokuwa likitetemeka chini ya sakafu. Nimesimama nyuma ya Toyota Land Cruiser 79, pikapu tunayoiita Kruza, hapa Kinakomba katika kaunti ya Tana River, na ekzosi yake mpya imemaliza kufungwa leo hii. Chuma bado kinageuka rangi kwa joto lake la kwanza, kutoka kijivu kwenda manjano, na karibu na manifoldi tayari kinaelekea buluu. Mashallah! Nimekagua ekzosi nyingi za magari ya porini, za dukani na za jua kali, lakini hii imenilaza chali mchangani, tochi mkononi, kabla hata sijamsalimu vizuri mwenye gari.

Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa maembe. Msimu ukifika, huyatoa mashambani kando ya mto Tana na kuyapeleka hadi barabara kuu ya Malindi na Garissa, ambako malori ya wanunuzi hungoja. Njia zake ni mchanga wakati wa kiangazi na udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, na mzigo wake haungoji njia ikauke. Aliniangalia nikitoka chini ya gari, nguo zimejaa vumbi, akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, mlio nimeusikia, ni mzuri. Niambie dizeli."

Nitamwambia, na ninyi mtasikia, kwa sababu jibu lake ni tamu kuliko nilivyotarajia. Ila halikai pale ambapo wauza mabomba hutuelekeza tulitafute.

Tuanze na chuma chenyewe, maana hapo ndipo fundi wa Hola aliyeitengeneza alinikosha roho. Bomba lina upana mmoja tangu flanji ya manifoldi hadi mdomoni: inchi mbili na nusu, milimita 63 hivi. Upana mmoja, mwanzo hadi mwisho! Mabomba mengi yanayosifiwa kuwa makubwa huwa makubwa mdomoni tu, pale jicho linapofika, ilhali kwenye kona yamebonyea kwa kukunjwa na mashine ya jeki. Bomba la milimita 63 likibonyea konani hadi njia ibaki kama ya bomba la milimita 50, zaidi ya theluthi moja ya njia ya moshi imekwisha kupotea, na hakuna mdomo mpana utakaoirudisha. Fundi huyu hakukunja chochote. Alinunua kona zilizotengenezwa tayari kiwandani, akazikata kwa pembe anazozitaka, akaziunga na vipande vilivyonyooka, halafu akasaga kwa grenda kila uvimbe wa welding uliochomoza kwa ndani, hadi pale vifaa vyake vilipoweza kufika. Nilipitisha kidole kwenye kiungo kimoja kabla hakijafungwa. Laini!

Sailensa ni ya kunyooka. Ukichungulia upande huu unaona mwanga upande wa pili. Katikati mna bomba lenye vitundu vingi, limezungushiwa pamba ya madini inayomeza sauti, na nje kuna gamba la bati nene. Moshi haugeuzwi hata mara moja. Sailensa za kawaida huutembeza moshi mbele na nyuma, chumba hadi chumba, kupitia sahani zenye matundu, na hunyamazisha vizuri sana, lakini kila mgeuko unataka nguvu kidogo kutoka kwa injini. Hii ya kunyooka inaacha sauti kiasi ipite, na sauti yenyewe ni ile nene ya silinda sita ambayo haimshtui mbuzi wala haimwamshi mtoto aliyelala kwenye kabini.

Halafu tazameni jinsi bomba lilivyofungwa! Lote limepandishwa juu ya usawa wa chini wa chesisi, limejibana kati ya bodi na shafti, hivi kwamba kisiki cha mathenge kitagonga chuma cha chesisi kabla hakijaligusa bomba. Linaning'inia kwa raba, kwa hiyo injini inapojipinda kwenye mashimo bomba linakwenda nayo badala ya kupasuka kwenye viungo. Na limekatwa vipande vitatu vyenye flanji. Likiharibika huko mbele, utafungua kipande kimoja kwa spana mbili na kuacha vingine mahali pake. Kwa mtu anayefanya kazi mbali na gereji, hilo peke yake linatosha kuagiza.

Fundi akanionyesha kilichotolewa. Sailensa ya zamani ilikuwa imepasuliwa kwa grenda, imelala wazi chini ya mwarobaini. Jamani! Sahani moja ya ndani ilikuwa imelika kwa kutu, ikang'oka, ikaenda kulalia tundu la kutokea. Moshi wote wa injini ya lita nne na ushei ulikuwa ukijipenyeza ubavuni mwa sahani hiyo. Na nje, bati zima kabisa! Hakuna ambaye angeshuku. Dereva alikuwa amezoea kwamba gari "limezeeka", linachoka mchangani, linataka gia ya chini mapema. Kumbe mwenye kuchoka alikuwa bomba. Wakulima wa hapa hawahitaji kuchorewa mchoro kuielewa hali hiyo: mfereji ukijaa tope huko mbele, pampu iliyo mtoni inaendelea kunywa mafuta yaleyale huku shamba likikauka.

Sasa niiseme injini, kwa sababu bomba zuri kwenye injini nyingine lingekuwa habari nyingine. Kruza hii ina 1HZ, injini ya dizeli ya silinda sita kwa mstari, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ambayo Toyota imeitumia tangu 1990. Haina turbo. Haina kompyuta. Pampu yake ya dizeli ni ya makanika mtupu. Kruza nyingi za mfululizo wa 79 tunazoziona Kenya zimeunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na ndizo zinazobeba polisi, dawa za hospitali, wafanyakazi wa misaada, miraa na maembe kote ambako lami imekwisha. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, silinda zake hutoa mapigo 100 ya moshi kila sekunde. Mapigo mia! Kila pigo linataka njia, na kila pigo likikuta njia imezibwa, pistoni ndiyo inayolisukuma kwa nguvu iliyonunuliwa kwa dizeli.

Hapo ndipo hesabu yenyewe ilipo, na naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ni hesabu nzuri. Upinzani wa bomba hupimwa kwa kilopaskali. Injini hii ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila kilopaskali 10 za upinzani humeza karibu kilowati 0.7 za nguvu. Geuza hizo kuwa dizeli: takriban moja ya tano ya lita kwa saa. Kruza inayokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami hunywa karibu lita kumi kwa saa, kwa hiyo upinzani huo ni kama asilimia mbili ya matumizi yote. Badilisha bomba, upunguze upinzani kwa nusu, na umeokoa asilimia moja.

Asilimia moja! Najua wapo waliotarajia niseme kumi au ishirini, kwa sababu hayo ndiyo wanayoambiwa dukani. Kwenye lami, kwa injini isiyo na turbo, na ikiwa bomba la zamani lilikuwa zima, asilimia moja ndiyo habari yenyewe, na mtu akikuuzia zaidi ya hapo muulize anaitoa wapi.

Lakini sisi hatuko kwenye lami. Tuko Kinakomba!

Na hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Upinzani wa bomba haupandi sawasawa na mizunguko ya injini. Mizunguko ikiongezeka maradufu, msukumo unaorudi unapanda karibu mara nne, na moshi unaosukumwa unaongezeka mara mbili, kwa hiyo nguvu inayopotea inapanda mara nane. Mara nane! Sasa ingieni nami mchangani. Gari lenye mzigo, tani tatu hivi kwa jumla, likiwa kwenye lami linazuiwa na tairi zake kwa nguvu ya nyutoni 440 hivi. Likiingia kwenye mchanga laini, nguvu hiyo inaweza kufika mara kumi, zaidi ya nyutoni 4,000. Unaweka fowili ya chini, gia ya pili, injini inalia kwenye mizunguko 2,800, na spidi haizidi kilomita 20 kwa saa. Bomba lilelile lililokuwa likimeza kilowati 0.7 kwenye lami sasa linameza karibu 1.9. Hiyo ni karibu nusu lita kwa saa, na kilomita mia moja za namna hiyo zinachukua saa tano.

Pigeni hesabu kwa kila kilomita. Kwenye lami, upinzani wa bomba unakula karibu robo lita katika kilomita mia. Mchangani unakula zaidi ya lita mbili katika kilomita mia hizohizo. Mara kumi! Faida ya ekzosi inafuata mizunguko ya injini, na inazidi kila gari linapokwenda polepole huku injini inalia. Yaani bomba hili linalipa pale hasa ambapo mama huyu anapata riziki yake: katika zile njia kati ya shamba na barabara kuu. Miaka yote tumekuwa tukiuliza swali hili kwenye barabara isiyofaa.

Na ikiwa sailensa ya zamani ilikuwa imeziba kama ile niliyoiona chini ya mwarobaini, hesabu inabadilika kabisa. Bomba lililoziba linaweza kurudisha kilopaskali 30 pale ambapo zima lingerudisha 10. Zidisha mara tatu kila tarakimu ya upotevu niliyoitaja. Hapo hatuzungumzi tena asilimia moja. Hata kwenye lami upotevu umekwishafika asilimia sita au zaidi, na mchangani injini inaanza kukosa hata hewa safi, kwa sababu moshi usiotoka unabaki silindani na kuchukua nafasi ya hewa mpya. Dizeli inaungua nusu, moshi unakuwa mweusi, dereva anazidi kukanyaga. Oktoba 2023, mamlaka ya nishati, EPRA, ilipotangaza dizeli ya Nairobi kuwa shilingi 205.47 kwa lita, kila lita iliyotoka kwa moshi mweusi ilikuwa noti inayoungua hadharani.

Basi tukaondoka! Kreti za maembe nyuma, mama kabinini, mimi usukani. Lami kwanza, na kwenye lami, kusema kweli, tofauti ni ya masikio zaidi kuliko ya mguu. Kabini imetulia. Ule mtetemo wa sakafu umekwisha. Gia ya tano inakaa vizuri. Halafu tukakata kuelekea mtoni, na dunia ikabadilika.

Mchanga wa kwanza ni ule mrefu ulionyooka, wenye mifereji miwili ya tairi iliyochimbwa na kila aliyepita. Dereva wake wa kila siku, aliyekaa juu ya kreti nyuma, alikuwa amenionya: pale kwenye mti wa mkoma, gia ya tatu inakufa, shuka ya pili mapema. Nikaufikia mkoma. Gia ya tatu haikufa! Injini ilishuka, ikatafuta pumzi, ikaipata, ikaendelea kuvuta kwa ile nguvu yake ya chini ambayo 1HZ ilizaliwa nayo. Nyutonimita zake 285 hupatikana kwenye mizunguko 2,200 tu, na sasa zilikuwa zinafika kwenye magurudumu badala ya kubaki zinasukumana na bati bovu. Nyuma nikasikia kigelegele. Alikuwa ni dereva, mwanamume mzima, akipiga kigelegele juu ya maembe!

Kila sehemu ambapo gia ya juu inakaa, injini inazunguka mara chache kwa kila mita ya njia. Faida hii ya pili inakuja juu ya ile ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo kubwa kwa gari la mzigo. Bomba lililofunguka linampa dereva ruhusa ya kusubiri kabla ya kushusha gia. Akisubiri, anaokoa. Akiitumia nguvu hiyo mpya kukimbizana na bodaboda, dizeli yote iliyookolewa inatoka kwa mguu wake wa kulia, na hakuna fundi wa kuchomelea anayeweza kulitengeneza hilo.

Tulishuka hadi ukingoni, tukageuza kwenye udongo mweusi uliokuwa bado na unyevu, tukapakia kreti nyingine, tukarudi kwa njia ileile. Mara zote mlio ulikuwa uleule: mnene, safi, bila mkatiko. Na nyuma yetu, kwenye kioo, hapakuwa na wingu jeusi hata pale nilipokanyaga hadi mwisho. Kwa gari lililotoka kwenye sailensa iliyoziba kama ile ya zamani, hilo lilinifurahisha kuliko mlio wenyewe.

Sasa kwa wanaotaka kukimbilia Hola kesho asubuhi, nisikilizeni kwanza, kwa sababu nalipenda gari lenu kama langu.

Bomba hili lilitengenezwa kwa injini hii. Ukiwa na gari lenye turbo, habari yako ni nzuri zaidi: turbo huzungushwa na tofauti ya msukumo kati ya mbele na nyuma ya feni yake, na bomba pana baada ya turbo huiamsha mapema. Hapo inchi tatu zina maana. Kwenye 1HZ isiyo na turbo, inchi tatu hazina kazi kubwa. Zinaongeza uzito, zinataka nafasi chini ya gari ambayo mtu wa porini anaihitaji, na kelele inazidi. Ukiwa na gari la petroli lenye kihisi cha oksijeni bombani, kama zile Prado za lita nne, hakikisha gaskiti na welding za mbele ya kihisi hazivuji hata kidogo. Mahali panapovuja huvuta hewa ya nje kati ya pigo na pigo, kihisi kinadhani injini inakosa mafuta, kompyuta inaongeza petroli, na ekzosi mpya inakugharimu kuliko ile mbovu. Nimewaona watu wakilaumu pampu, nozeli na hata kituo cha mafuta kwa tundu la ukubwa wa punje ya mchele.

Na tafadhali, fundi akikuambia "sasa bomba limefunguka, ngoja nikufungulie na pampu kidogo", mshukuru na umwombe aiache. Skurubu ile ya pampu inaongeza dizeli tu. Kwa saa chache gari litakuwa simba, kisha utaanza kuona moshi mweusi, na moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikitoka bila kufanya kazi. Hapa tuko chini ya mita 100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nzito na injini inaivumilia pampu iliyofunguliwa. Peleka gari hilohilo Nairobi, karibu mita 1,700, ambako msukumo wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano, utaona aibu kwenye taa za barabarani.

Kuna wanaotaka kuondoa sailensa kabisa. Najua wanakolitoa wazo hilo. Wameona magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya porini yaliyoanza 1989 kuchangia ulinzi wa milima ya Aberdare, yakinguruma juu ya majabali, na nani asingependa! Mimi nayapenda mno. Lakini yale ni magari ya siku moja, na dereva wake haulizi lita ngapi zimekwenda. Kwenye barabara ya umma sheria ya trafiki inataka sailensa, na kanuni za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2009 kuhusu kelele zipo. Zaidi ya hayo, sailensa ya kunyooka iliyotengenezwa vizuri inazuia kidogo sana hata faida ya kuitoa haionekani kwenye tangi. Utakachopata ni kichwa kuuma.

Mama aliniuliza tena tulipofika kwenye kivuli: atajuaje kwa macho yake, bila maneno yangu? Hilo ni swali la mfanyabiashara, na nililipenda. Ajaze tangi hadi shingoni, kwenye pampu ileile, asubuhi kabla dizeli haijapata joto, gari likiwa limesimama pale pale penye usawa. Aandike kilomita. Asitumie tangi moja kutoa hukumu: kwenye tangi la lita 130, asilimia moja ni lita 1.3, na povu la dizeli peke yake linaweza kuficha kiasi hicho. Akusanye matangi ya msimu mzima, ayalinganishe na risiti za msimu uliopita, mzigo uleule, njia zilezile. Na asibadilishe tairi katikati ya kipimo. Ukitoka tairi za 7.50R16 ukaenda zile pana za 285/75R16, gurudumu linakua kwa karibu asilimia tatu, mita inahesabu kilomita pungufu, na utaapa kwamba ekzosi imekula dizeli kumbe ni mita inayodanganya.

Nikamwambia pia jambo ambalo wauza mabomba hawasemi kwa sababu haliuziki. Presha ya tairi ikishushwa kabla ya mchanga na kurudishwa kabla ya lami, inaokoa kuliko bomba lolote. Ea klina iliyopigwa vumbi ikabadilishwa kwa wakati, nayo ni hivyohivyo: hewa inayoingia kwa shida inagharimu kama moshi unaotoka kwa shida. Nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza, kadhalika. Bomba ni mwisho wa mnyororo mmoja unaoanzia kwenye snokeli, na linapendeza zaidi likikuta vingine vyote viko sawa. Alicheka, akamgeukia dereva wake akamuuliza lini mara ya mwisho aliifungua ea klina. Dereva akaanza kupanga kreti upya kwa bidii sana.

Yapo mambo mawili ninayotaka fundi ayarekebishe kwenye bomba la pili, kwa sababu la pili tayari limeagizwa. Mdomo wa bomba unatokea ubavuni, nyuma ya gurudumu la nyuma, chini ya bodi. Wakati wa kiangazi, nyasi kavu za pembeni mwa njia hufika hapohapo, na chuma kinachotoka kwenye mchanga baada ya kuvuta kwa gia ya chini kina joto la kuwasha moto. Nataka kinga ya bati juu ya sailensa, na mdomo ugeuzwe utazame nyuma badala ya kutazama majani.

La pili ni maji. Wote hapa wanakumbuka mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, jinsi Tana ilivyopanda ikakata barabara na kuzingira vijiji. Mdomo ukizama nusu mita chini ya maji, maji hayo yanarudisha karibu kilopaskali 5, yaani yanakula faida yote niliyoihesabu kwenye lami. Hilo ni la dakika chache, halina neno, mradi injini inaendelea kuzunguka. Ikizima majini, maji yanapanda bombani yakielekea kwenye valvu, na hapo usiguse swichi: gari livutwe nje, bomba lifunguliwe kwenye flanji ya kwanza, maji yamwagwe. Zile flanji tatu zitafanya kazi hiyo kuwa ya nusu saa! Nimemwomba fundi atoboe pia kitundu cha milimita tatu mahali pa chini kabisa pa sailensa, unyevu wa usiku upate pa kutokea kabla haujaanza kuila kutoka ndani kama ulivyoila ile ya kwanza. Amekubali. Kinga ya bati ataifunga kabla Kruza haijarudi shambani kuchukua mzigo wa kesho.